Mpokezi Awe wa Tumbo Moja

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, bodaanga mia nne na tisa zilikuwa hewani juu ya jiji la Same, na zote zilikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja aliyekuwa amekula maharage.

Habari hapa ni maharage. Pikipiki kuruka kulikwisha kuzoeleka; hata mama wa sokoni alipanda bodaanga na tenga lake la nyanya, akamgombeza dereva wa chuma kwamba anakata kona kama hana kwao. Lakini Nakijwa Mbwambo kula sahani nzima ya maharage kabla ya zamu, miezi minane iliyopita hilo lingekuwa sawa na kuwasha kiberiti ndani ya ghala la petroli.

Alikuwa ameketi ghorofa ya arobaini ya Mnara wa Anga, amevaa taji la fikra, pete nyembamba ya madini iliyomkaa utosini kama kata ya kubebea ndoo. Kupitia taji hilo aliziona bodaanga zote kwa mpigo, kama mtu anavyowajua kuku wake uani: huyu mkorofi, huyu mzembe, yule anataka kuvuka bila kuangalia. Akili mnemba ya mnara ilipiga hesabu zote, lakini sheria ilitaka awepo binadamu wa kukata shauri pale vyombo viwili vinapogombea njia. Na binadamu huyo, akishavaa taji, halivui mpaka saa tano za zamu ziishe. Hakuna cha "nakuja sasa hivi".

Dakika ya kumi na tatu maharage yakaanza siasa. Utumbo ulijikunja upande wa kushoto, gesi ikapanda, na ule msokoto anaoujua tangu utotoni ukaanza kumkamua kama nguo ya kufuliwa. Nakijwa hakushtuka. Alingoja tu. Chini ya kitovu chake, kitu chenye ukubwa wa punje ya dengu kikavuma, mmmm, sekunde tatu, kisha kimya. Maumivu yakaondoka kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba. Juu ya soko, bodaanga mbili zilizokuwa zinaelekea kupigana vikumbo zikapishana salama, na mwongozaji wao akajilamba midomo akifikiria chakula cha mchana.

Kitu hicho kiliitwa kitulizi.

Kabla ya kitulizi, maisha ya Nakijwa yaliongozwa na ugonjwa wenye jina refu, ambalo madaktari walilitaja huku wakiangalia saa, na maana yake ni utumbo wenye hamaki. Yeye aliuita Mheshimiwa, kwa sababu ulipotaka kusema, kila shughuli ilisimama. Leo unamwendesha mara sita kabla ya chai, kesho unafunga siku tatu kama ofisi ya serikali wakati wa sikukuu, keshokutwa tumbo linavimba mpaka mashangazi wanaulizana mimba ni ya nani. Na vipimo vyote safi! Hapo ndipo palipokuwa na tusi lenyewe. Ukiumwa na karatasi inasema u mzima, watu huamini karatasi. Mchungaji alisema ni hofu. Jirani alisema ni chango. Bosi wake wa kwanza alisema ni uvivu, akamtafutia mwingine wa kukaa kwenye kiti chake.

Watu wakiingia kwenye jengo geni huuliza ofisi ya mkurugenzi ni ipi. Nakijwa aliuliza msalani ni wapi. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na mkobani hakukosa kanga ya akiba. Mchumba mmoja alimwacha kwa sababu kila wakitoka kwenda kula, Nakijwa alitoweka nusu saa nzima. Jamaa akahisi yuko mwanamume mwingine. Angejua mwanamume mwenyewe ni nani!

Hata mnarani, wiki ya kwanza, aliaibika. Alibanwa akiwa na taji kichwani, na kwa adabu ya watu waliokulia kwenye mabasi ya mikoani aliiambia akili mnemba, "Naomba nikachimbe dawa." Mashine ile, iliyoundwa na watu wasiowahi kushushwa porini wakaambiwa wanaume kulia wanawake kushoto, ilijibu kwamba uchimbaji wowote unahitaji kibali cha mazingira, ikampelekea fomu ya kurasa tisa. Yaliyofuata hayaandikiki. Mchana wa siku hiyo hiyo Nakijwa alikwenda Kituo cha Utulivu akaomba kitulizi.

Miezi minane sasa. Jumatano ijayo angeapishwa kuwa Mwongozaji Mkuu, mtu wa kwanza kutoka Upare kukalia kiti hicho, na zamu yake ingerefuka kuwa ya saa nane mfululizo. Alikwisha kushona na gauni.

Jumamosi mdogo wake, Namsifu, alishuka kutoka Usangi alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Tangu siku ile alipokuja kumpokea dada yake kwenye geti la kituo, hawakuwa wameonana uso kwa uso. Kila mara Namsifu alikuwa na udhuru. Nakijwa alimfungulia mlango, akabaki ameshika kitasa.

"Dada, umenenepa!" Namsifu akacheka. "Shavu hilo unalilisha nini?"

"Makande, maharage, maziwa. Kila nilichonyimwa miaka ishirini. Wewe je, mbona umekonda hivyo? Nani anakula chakula chako?"

"Ualimu huo, dada. Watoto wanatafuna mtu." Namsifu aliangalia huku na huku, mkono tumboni. "Msalani ni wapi?"

Nakijwa alimwonyesha, akarudi jikoni taratibu. Swali lile alilijua. Alijua hata ile sauti, ya mtu anayejifanya hana haraka.

Walikaa mezani. Nakijwa alijipakulia makande yaliyojaa nazi, akajaza tena. Namsifu alichota uji mwepesi, kijiko kimoja kimoja, kama mtu anayelisha ndege.

"Kumbe makande huli siku hizi?"

"Yananichukia."

"We! Uliyekuwa unakomba sufuria mpaka mama anakufichia?"

"Usicheke. Wanafunzi wameshanipa jina. Mwalimu Narudi. Maana kila kipindi: 'Someni ukurasa wa ishirini, narudi.' Siku ya wazazi niliongoza kwaya, tukafika ubeti wa pili nikawaachia mkono hewani. Wakaimba ubeti huo mara nne wakinisubiri. Mkuu wa shule amenihamishia stoo, nahesabu chaki. Anasema huko nitakuwa karibu na choo."

Nakijwa alifungua mdomo atoe pole, na wakati huo huo kitulizi kikavuma, mmmm. Namsifu akajikunja juu ya meza, kijiko kikaanguka.

"Vipi?"

"Kawaida. Inakuja na kuondoka."

Makande ya sahani ya pili yakafika yalikokuwa yanakwenda. Mmmm. Namsifu akauma kanga yake.

Kuna wazo ambalo likigonga mlango, mtu mwenye akili hulifungia. Nakijwa alilifungia. Wazo likazunguka likaingia dirishani. Alisimama, akafungua friji, akamimina maziwa baridi glasi nzima. Maziwa yalikuwa adui mkubwa wa Mheshimiwa. Yalihitaji dakika mbili tu. Aliyanywa akiwa amempa mdogo wake mgongo, kisha akageuka, akaegemea friji, akahesabu kimoyomoyo. Alifika mia na tano.

Mmmm, mmmm, mmmm.

"Mama yangu!" Namsifu aliinuka akapindua kiti, akakimbia kwenye korido, na mlango wa choo ukajibamiza.

Nakijwa hakusikia maumivu yoyote. Hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, tumbo limetulia kama mtoto aliyelala, midomo ina povu la maziwa, na nyuma ya mlango mtu mwingine alikuwa akiugua kwa sauti ambayo yeye aliijua kuliko wimbo wowote. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Dada?" Namsifu aliita kutoka ndani, akijitahidi kuchangamka. "Usinionee huruma. Ni siku zangu za mwisho hizi. Nilitaka nikufanyie surpraizi: Jumatatu naweka kitulizi, pale pale ulipoweka wewe!"

Nakijwa alijifuta povu la maziwa mdomoni.

"Fomu nimeshaijaza. Ile sehemu ya mpokezi, awe ndugu wa tumbo moja, nimekuandika wewe. Utakuja kunipokea, eti? Mimi si nilikuja na uji wako?"

Alikuja, ni kweli. Miezi minane nyuma, fomu iliuliza: *Jina la mpokezi (awe ndugu wa tumbo moja)*. Nakijwa hakufikiri mara mbili. Kwao mgonjwa hatoki hospitali peke yake kama mwizi aliyeachiwa, anapokewa. Akamwandika Namsifu, na Namsifu akaja getini na kanga mpya na uji wa moto.

"Namsifu," Nakijwa alisema. "Siku ile getini, walikufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Waliniuliza, 'Mpokezi ni wewe?' Nikasema ni mimi. Nikaweka kiganja kwenye kioo chao, wakanichoma ile sindano ya wapokezi."

"Sindano gani?"

"Hapa, chini ya kitovu. Walisema ni utaratibu." Maji ya choo yalivutwa. Kisha kukawa kimya kirefu, kimya cha mwalimu anayesahihisha jibu lake mwenyewe. Mlango ulifunguka taratibu. "Dada. Umekunywa nini sasa hivi?"

Glasi ilikuwa bado mkononi mwa Nakijwa.

Daktari Sifaeli Mrutu wa Kituo cha Utulivu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza na kucha safi. Jumatatu asubuhi aliwakaribisha ofisini kama watu waliokuja kuposa. Nakijwa alipomweleza, aliitikia kwa kichwa, kwa upole. Hakukana hata neno moja, na kutokukana kwake kulimtisha Nakijwa kuliko ambavyo uongo ungemtisha.

"Utumbo wako hauna kidonda, ndiyo maana vipimo vilikuwa safi," alisema. "Kinachokuumiza ni kelele za mishipa ya fahamu, utumbo na ubongo vinagombana. Tulihangaika miaka kumi na mmoja kuzizima hizo kelele. Hazizimiki, mama. Zinahamishika tu. Kitulizi chako kinazinasa na kuzirusha, na kile kipunje alichochomwa mdogo wako kinazipokea."

"Kwa nini mimi?" Namsifu aliuliza.

"Kwa sababu mwili mwingine ungezikataa. Waliotoka tumbo moja walipewa na mama mmoja vijidudu vyao vya kwanza vya utumboni, na mishipa yao imesukwa ukili mmoja. Kelele zikiingia, mwili unadhani ni zake."

"Lakini mmetudanganya!" Nakijwa alipiga meza. "Mpokezi ni mtu wa kuja kumchukua mgonjwa! Mtoto mdogo anajua!"

"Mpokezi ni anayepokea," alisema daktari. "Naye aliulizwa, akakubali. Sauti yake tunayo."

"Mngeandika mbebaji!"

Daktari Mrutu alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana amechoka. "Tuliandika mbebaji, mwaka wa kwanza. Hakuna aliyejaza."

Namsifu alianza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyeanguka mbele za watu, kikaisha vibaya. "Kwa hiyo leo ningewekewa changu, nikaanza kumrudishia yeye? Naye anirudishie mimi? Tungekuwa tunapigiana mpira?"

"Hapana, mfumo ungekataa. Tungewaomba mtaje mpokezi mwingine." Daktari aligusa kioo kilichokuwa mezani, majina yakatokea. "Na yupo. Mnaye kaka, Mbazi, yuko Makambako. Rekodi zake ni nzuri sana, hajawahi kuumwa tumbo maishani. Mkikubaliana kumwandika yeye, wewe unabaki na kiti chako, mwalimu anarudi darasani. Sindano ya wapokezi tunaweza kumpelekea huko huko."

"Na yeye ataambiwa nini?"

"Kwamba ni utaratibu."

Sasa hapa msimulizi angependa kuwaambia kwamba akina dada hawa waliruka kwa hasira wakamtupia daktari viatu. Hawakuruka. Walitazamana. Nakijwa aliona machoni mwa mdogo wake darasa limejaa, watoto wamesimama, "Shikamoo mwalimu," na mwalimu hatoki mpaka kengele. Namsifu naye bila shaka aliona gauni jipya na taji. Walikaa hivyo muda ambao baadaye hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuutaja.

"Mbazi ana tumbo la chuma," Namsifu alisema polepole. "Anakula hata ukoko wa juzi."

"Ndiyo."

"Pengine hata hatasikia."

"Pengine."

"Anaoa mwezi ujao, dada."

Nakijwa alimwona kaka yao ukumbini, amevaa suti ya kuazima, bibi harusi ameshika kipande cha keki, MC anatania, ndugu wanapiga vigelegele. Halafu lile jasho la ghafla juu ya mdomo wa juu, macho yanatafuta mlango. Alilijua jasho lile. Alijua ladha yake. Kumbe ndicho alichokuwa akimlisha Namsifu kila alipojipakulia, sahani baada ya sahani, huku akijisifu kwamba amepona.

"Zima," alisema.

"Mama, ukizima yatarudi yote. Na sheria ya mnara unaijua. Jumatano—"

"Jumatano nitawaambia waweke mtu wa kunishikia taji dakika kumi, au wamwapishe mwingine. Nimesema zima."

"Dada, subiri," Namsifu alimshika mkono. "Kiti umekihangaikia sana. Mimi nimeshazoea, kule stoo—"

"Nyamaza, Namsifu. Miezi minane nimekuwa nakula na wewe unaharisha, halafu unaniambia umezoea? Daktari, kabla sijabadili mawazo. Mimi si mtu mwema sana. Fanya haraka."

Daktari aligusa kioo mara mbili. Hakukuwa na mlio wala taa. Namsifu alivuta pumzi mpaka mwisho, akaiachia, akajishika tumbo kwa viganja viwili kwa mshangao, kama mtu aliyetua mzigo akakuta mabega bado yapo. Machozi yakamtoka.

Daktari Mrutu hakuwaaga. Alikuwa akikitazama kioo chake kwa namna ya ajabu.

"Nini tena?" Nakijwa aliuliza.

"Sijawahi kubonyeza hapa," alisema. "Ilibidi nikumbuke ni wapi. Jiji hili lina vitulizi elfu kumi na moja."

"Wengine hawajui?"

"Wengi wanajua. Wanagundua kama ulivyogundua. Wanakuja, wanakaa hapo ulipokaa, wanalia, wananitukana. Kisha wanauliza kama mpokezi anaweza kuongezewa dawa ya maumivu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nizime."

Nakijwa alitoka akijishika ukutani. Elfu kumi na moja. Jirani zake, watu wa kwaya, labda yule mama wa nyanya. Jiji zima limetulia, limevaa vizuri, linakula linachotaka. Na kila aliyetulia ana mtu mahali fulani aliyejifungia chooni asijue kwa nini.

Ukumbi wa nje ulikuwa umejaa watu wa Jumatatu. Walikaa wawili wawili, wenye fomu magotini na waliowasindikiza. Mzee mmoja alikuwa amekuja na pacha wake, wamevaa kofia zinazofanana, wanagombana kwa raha kuhusu mechi ya jana. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto. Nakijwa alikiona bila kutafuta. Na hapo hapo Mheshimiwa akaamka. Hakubisha hodi. Alikuja na hasira zote za miezi minane, akamkunja upande wa kushoto mpaka lile jasho likatoka juu ya mdomo.

"Dada, nenda," Namsifu alimsukuma. "Kimbia, usijitie aibu!"

Nakijwa alikwenda hatua tatu. Karani wa mlangoni alikuwa amesimama na karatasi, anaita kwa sauti nzuri: "Wapokezi wote wa leo, karibuni huku mpate sindano." Pacha wa yule mzee akainuka, akajinyoosha, akamwambia ndugu yake asiibe kiti chake.

Nakijwa aligeuka. Alipanda juu ya benchi la kungojea, ameinama nusu, mkono mmoja tumboni, mwingine hewani. Watu wakageuka kumtazama mwanamke huyo mnene.

"Ndugu zangu, nina dakika moja," alisema. "Nadhani hata dakika haifiki, kwa hiyo nisikilizeni vizuri na msinikatishe."